Nilichowaambia Watu wa Mfuko

Isevya, Tabora
9 Machi 2025

Mke wangu mdogo Katarina,

Kuna jambo nimekuficha, na leo nalitoa kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitazunguka nazo mpaka karatasi iishe. Mwezi wa pili uliponiuliza mazungumzo yangu na watu wa mfuko wa utafiti yalikwendaje, nilikujibu kwamba nilikusifia mpaka wakachoka. Sikukusifia. Nilikusema vibaya.

Sasa salamu. Mwangaluka. Mimi nipo, mvua bado zipo, uyoga umekwisha sokoni na karanga mbichi zimeanza kuingia. Nyumba inavuja palepale pa siku zote. Wewe je, baridi ya huko imelegea? Unakula?

Ujumbe wako mfupi, "Babu, wamenikataa," nimekaa nao tangu Jumatano. Nimeusoma nikiwa kitini, nimeusoma nikitoka misani, na kila nikiusoma nasikia sauti yangu mwenyewe ikiongea na wale watu.

Uliniambia mfuko huo una kawaida yake. Kabla hawajamkabidhi mtafiti fedha za miaka mitano, humtafuta mtu mmoja asiye mwanasayansi, aliyemlea au kukua naye, wakamwuliza huyu ni mtu wa namna gani. Ukalitaja jina langu. Wakanipigia kwa video. Walikuwa watatu nyuma ya meza, wamejipanga kama wasahihishaji wa mtihani wa mdomo, na pembeni yao binti mkalimani, Kiswahili chake cha Kenya, kizuri, chenye adabu.

"Mzee Wilbroad, mjukuu wako ni mtu wa namna gani?"

Nikasema, "Yule mke wangu? Mvivu wa kutupwa. Nilimtuma maji, nikamkuta kisimani anavua viluwiluwi, ndoo iko tupu."

Binti alitabasamu, akawatafsiria. Wao hawakutabasamu. Waliandika.

"Akianza jambo hulimaliza?"

"Halimalizi. Mpaka leo ugali wake ni uji."

"Kazi anayotuomba tuigharamie ni ngumu, inaweza kukwama mara nyingi. Ikikwama atafanya nini?"

"Ataacha. Atarudi kwa babu yake kutafuna karanga."

Nilicheka. Wakanishukuru kwa heshima kubwa, picha ikazimika.

Unajua mwenyewe kwamba hivyo ndivyo babu wa huku anavyomsema mjukuu wake wa kike mbele ya wageni. Nikikusifia hadharani watu watauliza kama nakutafutia mchumba. Wewe una jina la marehemu bibi yako, umekua ukiitwa mke wangu, umenitukana na mimi nimekutukana, na hakuna aliyewahi kuandika popote. Nilisahau kwamba wale hawana utani. Hapo ndipo nilipokuharibia, na nimeona ulisikie kwangu.

Usinipigie simu. Mtandao wa huku unakatakata. Andika, kama ulivyokuwa ukiandika ulipokuwa bwenini, Kiswahili chako kisije kikapata kutu.

Babu yako,
Wilbroad


Leuven, Ubelgiji
16 Machi 2025

Babu, mume wangu wa kwanza na msumbufu kuliko wote,

Shikamoo. Barua imefika, kurasa zote mbili, na ile ya pili umeipiga picha kidole chako kikiwa juu ya mstari. Nimekisoma na kidole. Mimi mzima, baridi imelegea kidogo, na ndiyo, nakula.

Nilianza kuisoma kwenye treni. Nilipofika kwenye karanga nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti. Nilipofika nyumbani nikalia, halafu nikacheka tena. Unajua sababu waliyoniandikia? "Sayansi yake haina shaka. Tuna shaka na uvumilivu wake." Wiki nzima nilizunguka nikijiuliza nani kanisema. Nilimshuku mkuu wa maabara yetu. Nilimnunia mtu wa watu! Kumbe ni wewe na viluwiluwi vyako.

Sikukasirikii. Nilikasirika siku moja hivi, ikapita. Lakini nataka ujue ni kitu gani kilichokataliwa, kwa sababu najua nilikueleza juu juu.

Maisha yako yote ya kazi, pale maabara ya hospitali, ulipokea kipande cha nyama ya mtu kilichokwisha kukatwa, kimelala kwenye dawa ya fomalini. Ukakigandisha kwenye nta, ukakikata chembamba, ukakipaka rangi, ndipo mtu akatazama. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia ni kama kupiga picha ya soko baada ya watu kwenda nyumbani: utaona meza, hutaona biashara. Sisi tunataka kuona biashara. Tuna kijiti cha kioo, chembamba kama sindano ya kushonea magunia, kinachopitisha mwanga. Ukikigusisha mwilini, kila aina ya molekuli inaurudisha ule mwanga kivyake, mafuta kivyake, sukari kivyake, protini kivyake. Kompyuta inazipanga kwenye ramani, na ramani hiyo inabadilika huku unaitazama, kwa sababu mwenye mwili yu hai. Uvimbe unaonekana unaanzia wapi na unaishia wapi, papo hapo, bila kukata, bila kutuma kitu popote, bila kungoja.

Kwa sasa mtambo unajaza chumba na unachelewa. Fedha zile zilikuwa za kuuharakisha na kuupunguza mpaka uingie kwenye begi. Nilikuwa nimeshalichagua begi lenyewe kichwani. Ni lile ninalopanda nalo treni ya Tabora.

Nawe ndiye uliyeniambukiza. Siku ile ya kisimani ulikuja na fimbo, lakini hukunichapa. Ulimchukua kiluwiluwi mmoja, tukamlaza kwenye tone la maji chini ya hadubini yako, ukasema tazama mkia. Nikaona damu inakwenda. Ukatazama na wewe, kisha ukasema kwamba tangu uanze kazi hujawahi kuona kitu kinachokwenda. Nilikuwa darasa la tano. Sijaacha kutazama tangu siku hiyo.

Njia ipo, Babu. Wanaruhusu rufaa. Nimewaeleza utani ni nini, na mmoja wao alicheka kwenye simu. Watakusikiliza tena, lakini wanataka walisikie hilo kinywani mwako, siyo mwangu. Watakuandikia mpange siku, kabla ya katikati ya Mei. Bila fedha hizi mkataba wangu unaisha Juni, na kibali cha kuishi huku kinaisha nao. Usinisifie. Waambie tu ulichokiona.

Na mbona hata simu za kawaida hupokei? Huo mtandao unamkatia Katarina peke yake?

Mjukuu wako,
Katarina


Isevya, Tabora
6 Aprili 2025

Mke wangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo kama ulivyoniacha, ila nimeongezeka uzee.

Watu wa mfuko wameniandikia. Nitawajibu. Nimekuwa na shughuli, paa limetengenezwa, na kwaresima hii nimejitahidi kwenda njia ya msalaba kila Ijumaa ingawa nakaa nyuma.

Jirani na mtani wangu Bibi Asmahani anakusalimu. Tangu biashara ya vitumbua imwelemee miguu, ameona kazi nyepesi ni kunisumbua mimi. Kila asubuhi anakuja na uji. Juzi nimeshika kikombe uji ukamwagika, akaweka mikono kiunoni kama Wazaramo wote wakiona Mnyamwezi ameshikwa.

"Wilbroad! Babu zenu walibeba pembe za tembo kutoka hapa mpaka kwetu Pwani, wanaimba njiani. Wewe kikombe kinakushinda?"

"Uji wako ndio mzito, Asmahani. Umeukoroga na saruji."

"Kunywa! Na usinifie hovyo. Ukifa mimi ndiye nitakayekaa mlangoni, jeneza halitoki mpaka watoto wako wanilipe jogoo."

"Watakulipa kuku mgonjwa."

"Nitampokea. Atakuwa anafanana nawe."

Uji ni kwa sababu ya meno tu. Usianze kuwaza.

Alipoondoka nilibaki na hayo maneno yake ya wapagazi. Sisi tumelelewa kuwasifu walioondoka. Kijana asiyefika Pwani hakuhesabiwa mtu. Akirudi na kitambaa na chumvi, kijiji kizima kinatoka. Hata mimi nilikufundisha hivyo, ndiyo maana ulipopata nafasi ya kwenda huko sikusita, nilikusindikiza stesheni nikiwa nimevaa koti. Lakini babu yangu alizaliwa na mwanamke aliyebaki. Mumewe alikwenda na msafara, na yeye akabaki karibu na njia ya Kwihara, anapepeta mtama na kusikiliza. Babu alisema mama yake alifika mahali akawa anazitambua hatua za kila apitaye, mwenye mzigo na asiye nao, mgeni na mwenyeji, na hakuna hata siku moja zilipokuwa hatua za mumewe. Hakuna aliyemtungia wimbo mwanamke huyo.

Chumba chako nimekifagia. Sijui kwa nini nakuambia. Kitanda bado kipo upande wa dirisha, na ukuta bado una ile michoro yako ya mbegu zilizopasuliwa. Mpangaji alikitaka, nikamwambia kina mtu.

Umeniuliza kuhusu simu. Ni mtandao.

Babu yako,
Wilbroad


Leuven
Pasaka, 20 Aprili 2025

Babu,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Leo sitanii.

Watu wa mfuko wameniambia wamekuandikia mara mbili na hujawajibu. Barua yako inasema umekuwa ukitengeneza paa. Paa gani linalomzuia mtu kuandika mistari miwili?

Kwa hiyo nimempigia Bibi Asmahani. Usimgombeze, nimemlazimisha. Mwanzoni aliniletea mizaha yake, akaniambia mume wangu ameoa mke wa pili ndiyo maana hapokei. Nikamwambia sikupiga kwa mizaha. Kisha akasema, "Mwanangu, sauti yake imekwenda. Siku hizi ananong'ona, nami naweka sikio karibu na mdomo kama namuungamisha. Hamezi chochote kigumu. Mimi sijakwambia."

Basi hapakuwa na mtandao wala meno.

Nimezirudia barua zako zote mbili na kuona jinsi ulivyonizungusha. Kila nilipouliza afya umenijibu kwa karanga, au paa, au marehemu. Wewe uliyenifundisha kwamba kipande kikifika maabara hakina lebo kinarudishwa, umeniandikia kurasa nzima bila lebo.

Niambie ni nini. Nami nikuambie wazi kilichopo upande wangu, ili usije ukasema hukujua. Mwanasheria wa chuo amenieleza kwamba nikiondoka sasa, kabla ya mkataba mpya, kibali kitakwisha nikiwa nje na rufaa itakufa. Nikibaki na rufaa ikashinda, kuna miezi ya kungojea kibali kipya, na katika miezi hiyo hanishauri kuvuka mpaka. Kwa hiyo ni kimoja. Nikae nipigane, au nije.

Sihitaji maelezo marefu. Andika nije, nitakuja. Andika nisije, nitakuuliza tena mpaka uniambie kwa nini.

Mjukuu wako,
Katarina


Isevya
24 Aprili 2025

Katarina,

Ni koo. Januari niliona sauti inakwaruza nikadhani ni vumbi. Hospitali wakaingiza kamera wakaona uvimbe. Walitaka niende Mwanza ukakatwe kipande upimwe, nikakataa. Daktari ni kijana mwema, hakunidanganya nilipomwomba asinidanganye. Hazungumzii miaka.

Njoo.

Babu yako


Leuven
4 Mei 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Umeshakunywa uji? Nimemwagiza Bibi Asmahani akupunguzie saruji.

Nakuja. Tiketi ninayo, naingia Dar es Salaam tarehe ishirini na mbili, na nitapanda treni kama zamani. Sasa tulia, usinisumbulie roho yako. Ijumaa hii nitakabidhi funguo za maabara na kuwapelekea watu wa mfuko barua ya kuiondoa rufaa. Ningeipeleka hata leo, ila kuna vitu vya kukabidhi vizuri.

Usidhani nimenuna. Nimepanga kila kitu. Nitaomba kazi ya kufundisha biolojia hapo mjini, watoto watanichoka. Nitalala kwenye kile chumba chenye mtu. Tutaketi barazani unitukane kwa kunong'ona, na mimi nikutukane kwa sauti.

Mtambo wameanza kuugawa. Taa inakwenda idara ya pili, kompyuta inakwenda ghorofa ya juu, vioo vitawekwa kabatini. Ndivyo inavyokuwa kazi isipopata fedha; hakuna mtu mbaya. Wenzangu wawili wameshapata pengine pa kwenda.

Ijumaa iliyopita, kabla hawajaing'oa taa, niliomba niachiwe nayo kidogo. Nilikigusisha kile kijiti kwenye kiganja changu, kisha nikanywa chai yenye sukari nyingi, kama unavyoipenda. Nikatazama. Mwanzo palikuwa kimya, mafuta yametulia pale yanapokaa. Halafu sukari ikaanza kuingia, Babu, kutoka pembeni, polepole, inapita kwenye vinjia ambavyo sikuvijua kama vipo, na kila ilipofika pakaamka kitu kingine. Ilikuwa mimi. Nilikuwa najitazama nikiishi. Mlinzi alikuja kuniambia jengo linafungwa, nikamwomba dakika, akarudi, nikamwomba tena. Mara ya tatu alisimama mlangoni akatazama naye.

Basi. Nimeona mpaka hapo, inanitosha.

Nikuletee nini?

Mjukuu wako,
Katarina


Isevya, Tabora
8 Mei 2025

Katarina,

Kesho ni Ijumaa. Usiipeleke hiyo barua.

Nimekunywa uji. Maumivu yapo lakini yana adabu asubuhi, ndiyo maana naandika asubuhi. Vumilia mwandiko.

Nimeusoma ukurasa wako wa sukari na kiganja mara nyingi kuliko ninavyosoma maandiko. Nimefanya kazi maabara tangu kijana mpaka nilipostaafu na sijawahi kuandika hivyo juu ya kitu chochote nilichokitazama. Halafu chini yake umeandika, inanitosha. Nakujua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilisema neno hilo wakati chakula ni kidogo.

Jumatatu niliwaandikia watu wa mfuko nikawaomba wanisikilize upesi, sauti haijaisha. Jana wakapiga. Bibi Asmahani aliishika simu karibu na mdomo wangu, amejifunga kanga mpya kwa ajili ya wazungu. Walikuwa wale wale watatu, na binti yule yule mkalimani. Nikawaambia polepole, naye akawa anainamia skrini kunisikia.

Mwenye kikao akaniuliza kwa upole kama siku ile nilikuwa natania. Amesoma maelezo yako. Nikamwambia, "Leo usiniulize ya siku ile kwanza. Niulize mjukuu wangu ni mtu wa namna gani."

Akauliza.

Nikamwambia juu ya bibi yako. Kwamba alipopata uvimbe, kipande chake nilikitayarisha mimi, kwa mikono hii, maana hapakuwa na mwingine. Nikakitia nta kama cha mtu yeyote. Kwamba enzi zile wa kukisoma alikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo kikaenda kwa treni, na sisi tukangoja. Kwamba wewe ulikuwa kidato cha pili, na kila ukitoka shule ulipitia hospitali kuuliza kama jibu limerudi. Bibi yako akafa, tukamzika. Mimi niliacha kuuliza. Siku ya pili baada ya matanga kuanuliwa nikakuona unavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuuliza jibu."

"Katarina, bibi hayupo."

"Jibu lipo, Babu. Alikuwa analingoja."

Ukaenda siku hiyo, na nyingine, mpaka masika yakaisha. Walikuzoea, wakawa wanakupa benchi. Siku lilipofika ulikuja nalo nyumbani, tukaenda wote makaburini, ukamsomea bibi yako maneno yale ya kidaktari kwa sauti, uliyoyaelewa na usiyoyaelewa. Nikawaambia watu wa mfuko, mnaniuliza kama akikwama ataacha? Huyo hakuacha hata aliyekuwa anamuulizia alipokwisha kufa.

Asmahani alikuwa analia, simu inatikisika, nikaonekana nusu kichwa. Mwenye kikao akasema, "Mama, tafadhali, tumuone mzee." Asmahani akamjibu, "Mnamuona wa nini, sikilizeni!" Binti akatafsiri na hilo. Nadhani walicheka.

Kisha nikawaambia na lile la kwanza, lilivyokuwa hasa. Mwenye kikao akasema watakupigia wewe mwenyewe wiki ijayo, na wameomba mtambo usiendelee kugawanywa. Sijui wataamua nini. Najua hawakuandika nilipokuwa naongea, walikuwa wananitazama.

Kwa hiyo kaa, Katarina. Irudishe tiketi. Najua nilikuandikia njoo, na nililitaka neno hilo kwa mwili wangu wote. Tangu mwaka uliopanda ile treni nimekuwa mtu wa kusikiliza barabara. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, nanyanyuka. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimevaa koti siku ile nakusindikiza, na mtu aliyevaa koti hawezi kumwambia mjukuu wake arudi. Ukija sasa, utanikuta kitini, nitakushika mkono, nitafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi, halafu muda mfupi baadaye utakuwa hapa bila mimi na bila kazi yako, na hospitali zetu zitaendelea kutuma vipande na kungoja. Sitaki kufurahi hivyo. Waliobaki wana haki ya kutamani, hawana haki ya kuivunja njia.

Asmahani ameahidi kukupigia akueleze habari zangu kila siku, maana mimi sitaandika nyingine ndefu. Atachanganya na mizaha yake, utajua ya kuondoa.

Limebaki moja. Watu wa mfuko wamelisikia jana, Padri amelisikia leo baada ya misa ya alfajiri aliponiletea komunyo, na wewe, uliyenitetea kwa ule utani, hujalisikia. Nilijificha ndani ya utetezi wako kwa miezi miwili. Siku ile ya kwanza, niliposema utaacha na kurudi kwa babu yako, yule binti hakuwatafsiria hapo hapo. Aliinamia skrini, akaniuliza kama mjukuu anavyomuuliza babu, "Mzee, huo ni utani, sivyo? Niwaambie kwamba unatania?"

Nilikuwa nimetoka kwa daktari asubuhi ile. Nikamwambia, "Sitanii, binti yangu. Waambie hivyo hivyo."

Babu yako,
Wilbroad